Shahidi Asiyelijua Joto la Bofu

Inspekta Selpher Masha alikuwa amewahoji walevi, wezi wa nyaya na mashemeji wanaochukiana, lakini hajawahi kumhoji shahidi asiyekuwa na kinywa. Alhamisi hiyo alimkuta Changamwe, katika maabara ya chuo kimoja cha ufundi, amekaa ndani ya kompyuta yenye maandishi ya kijani. Mwaka ule wa themanini na nane kompyuta zilikuwa chache upande huo, na hii ilifunikwa nailoni kila jioni na kufungiwa mlango kwa kufuli mbili.

"Ndiyo hii," alisema Injinia Thoya, mwalimu wa umeme aliyeandika ripoti. "Amplifaya nzima ya Stambuli imo humu. Nimeichora waya kwa waya."

"Na ukasema haiwezi kuwaka moto yenyewe."

"Si mimi, Inspekta. Kompyuta imesema."

Selpher akavuta kiti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na watu humdharau mara moja tu. Kesho asubuhi Stambuli, fundi redio wa Bofu kule Likoni, angesomewa shitaka la kuchoma nyumba kwa makusudi, shitaka ambalo adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hakuna mtu aliyemwona akiwasha kiberiti. Kilichomfunga ni ripoti hiyo ya Thoya.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Jumamosi, siku ya Maulidi, chumba cha vifaa cha madrasa ya Maalim Sheikhan kiliungua baada ya Alasiri, watu wakiwa uani wanakula pilau. Mle ndani mlikuwa na mikeka, misahafu, na amplifaya aliyoiunda Stambuli kwa mikono yake, iliyoachwa imewashwa ikingoja kaswida za jioni. Babu, mwangalizi wa madrasa, aliungua mikono akiitoa misahafu. Stambuli ndiye wa mwisho kuonekana akitoka mle, ameshika chuma cha kuchomelea. Tena juma moja kabla alikuwa amegombana na Maalim mbele ya watu, kamati ilipoamua kununua amplifaya mpya kutoka mjini. "Mnaacha mbachao kwa msala upitao," alisema siku hiyo, "na mtanikumbuka!" Neno hilo la mwisho ndilo lililomponza. Fundi mwenye ulimi mkali hahitaji adui.

"Nieleze kama unavyomweleza hakimu asiyejua umeme," Selpher alisema.

Thoya akavua miwani. "Kompyuta haijawahi kuiona transista, kile kipande kinachokuza sauti. Unaipa maelezo yake kwa nambari: ukiisukuma kiasi hiki, inapitisha umeme kiasi hiki. Maelezo hayo tunayaita modeli. Ukiipa modeli za vipande vyote, na namna vilivyoungwa, inakokotoa kitakachotokea."

"Kwa hiyo modeli ni kama taarifa ya shahidi."

"Waweza kusema hivyo."

"Stambuli anasema amplifaya ile ina transista nne kubwa pale inapotokea sauti. Taarifa ya hizo umeipata wapi?"

"Imo katika programu."

"Ya transista zile zile?"

Thoya akairudisha miwani. "Hii ni programu ya wanafunzi. Transista zake ni za kuhesabika, na zile kubwa hazimo. Nikachukua iliyo karibu nazo, nikabadilisha nambari mbili tatu."

"Iliyo karibu kivipi? Kwa ukubwa?"

"La, ukubwa hapana. Ile iliyomo ni kama punje ya mahindi. Lakini kazi ni moja."

"Injinia, nikimtafuta mzee wa kilo tisini nikamkosa, nikaandika taarifa ya mjukuu wake, hakimu ataniambiaje?"

Thoya hakucheka, lakini pia hakukasirika. Hilo Selpher alilipenda. Wasomi wengi ukiwagusa ripoti umewagusa mboni ya jicho.

"Na joto je? Transista ikipata joto hubadilika?"

"Sana. Hupitisha umeme zaidi."

"Uliiambia kompyuta chumba kile kina joto gani?"

Injinia akaikaribia kompyuta, akabonyeza, maandishi yakapanda. "Digrii ishirini na saba."

"Nani aliyepima?"

"Hakuna aliyepima." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usipoandika joto, programu hujiwekea yenyewe ishirini na saba."

"Nawe unakaa wapi?"

"Chaani."

"Chaani, chini ya mabati, mwezi wa Novemba, Alasiri. Kwako huwa ishirini na saba?"

"Hata alfajiri haiwi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini sikiliza, Inspekta, nisije nikakupa matumaini ya bure. Hata ungeweka thelathini na tano, haitoshi. Amplifaya ile imefanya kazi miaka chini ya mabati hayo hayo, na haikuungua."

Selpher aliona ni kweli, na ilimuuma kuona ni kweli. "Basi tusibahatishe. Taarifa sahihi ya transista zile inapatikana wapi?"

"Kwa waliozitengeneza, huko Ulaya. Nikiandika barua leo, majibu mwakani."

"Stambuli hana mwakani. Kama hatuna taarifa ya shahidi, tutamleta shahidi mwenyewe hapa tumhoji."

Thoya alimtazama, na taratibu uso wake ukafunguka. "Kumpima," alisema. "Ndiyo. Tunaweza kumpima!"

Transista za amplifaya zilikuwa zimeungua, lakini Stambuli alikuwa amemwambia Selpher alikozinunua: kwa Mbwana, muuza vipuri wa Chaani. Wakaenda kwa gari la polisi. Njiani Selpher alikuwa na dhana yake, na aliipenda mno. Soko lilikuwa limejaa transista bandia, vitu dhaifu vilivyopigwa muhuri wa vitu vya nguvu. Ikiwa Mbwana alimuuzia fundi uchafu, basi moto una mwenyewe na Stambuli si yeye.

Mbwana alisikia neno "bandia" akasimama nyuma ya meza yake kama aliyetukanwa mama.

"Bandia? Dukani kwangu? Wallahi, afande, mimi nauza kwa mafundi. Fundi ukimwuzia kitu kibovu hurudi nacho mkononi, tena huja saa ya wateja wengi. Na Stambuli ndiye mbaya wao, hana haya hata kidogo!" Akateremsha boksi. "Zile zake zatoka humu. Chukua uzipasue ukitaka."

Thoya alichukua kadhaa. Moja akaibana kwenye jiriwa la Mbwana, akaikata kofia yake kwa msumeno wa chuma, akachungulia ndani kwa lenzi.

"Ni halali," alisema. "Kiini chake ni kikubwa kama inavyotakiwa. Huyu bwana hana kosa."

"Nimekwambia!" alisema Mbwana.

Dhana ya Selpher ikafa pale pale, juu ya jiriwa. Alimwomba Mbwana radhi, akabeba transista zilizobaki. Alikuwa amekosa, lakini angalau sasa alikuwa na shahidi halisi mfukoni.

Maabarani Thoya alifanya jambo ambalo Selpher hakulitegemea. Aliazima sufuria na stovu kutoka jikoni mwa chuo, akamimina mafuta ya kupikia, akaitumbukiza transista iliyoungwa waya ndefu, akasimamisha kipimajoto kando yake.

"Unakaanga?" aliuliza Selpher.

"Namuuliza. Mafuta yanampa joto sawasawa pande zote, na hayapitishi umeme. Wewe nisomee kipimajoto, mimi nasoma mita."

Wakafanya hivyo. Selpher anataja joto, Thoya anataja umeme na kuandika, mafuta yanazidi kupanda. Chumba kikanuka kama kibanda cha viazi karai. Tangu mwanzo kabisa mita ilikuwa inasema jambo ambalo kompyuta haikulisema: transista hii kubwa ilipitisha umeme mwingi kuliko ile ndogo iliyotoa ushahidi badala yake, na kila joto lilipoongezeka, pengo lilipanuka. Thoya akapima na ya pili, na ya tatu, kuhakikisha ya kwanza haikuwa kichaa. Zote zilisema mamoja.

Ndipo akakaa mbele ya kompyuta, akaifuta modeli ya zamani, akaandika mpya kutokana na vipimo vyake.

"Sasa," alisema. "Bamba la aluminiamu lenye mapezi, lile lililo juu ya amplifaya, kazi yake ni kuzipooza transista. Nikisema bamba liko wazi na hewa inapita, joto linafika hapa. Naliingiza. Inanipa umeme. Umeme ule unazaa joto jipya. Naliingiza tena." Akabonyeza, akangoja, akabonyeza. "Unaona? Inapanda kidogo, halafu inatulia. Ndiyo maana imekaa miaka bila kuungua."

"Na hewa isipopita?"

Thoya alibadilisha nambari moja. Mara ya kwanza umeme ukapanda. Akaingiza joto jipya, ukapanda zaidi. Akaingiza tena. Alipoingiza mara nyingine, kompyuta ilikaa kimya muda mrefu, halafu ikatoa mstari mmoja wa maneno na kusimama.

"Imeharibika?"

"La, imeshindwa kupata jibu. Nambari hazitulii, kila ikizishika zinakimbia." Alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti. "Joto linaleta umeme, umeme unaleta joto, na hakuna wa kusema basi. Bamba lingefika joto la kubabua mbao."

"Fyuzi ingekatika."

Ilikuwa hoja nzuri, na Thoya aliipokea kwa heshima yake. Alivirudia vipimo vyake kwa kalamu. "Fyuzi ya Stambuli ni ya ampea tano, kwa sababu muziki ukipigwa kwa nguvu hunywa karibu hapo. Joto hili lingekula ampea nne, polepole, mchana kutwa. Fyuzi isingejua kitu."

Selpher alihisi kifua kinalegea, lakini alikuwa mpelelezi wa siku nyingi na hakukiachia kilegee chote. "Kwa hiyo Injinia waandika nini?"

"Nafuta ripoti yangu. Naandika kwamba nilikosea modeli, na kwamba amplifaya ingeweza kuwaka yenyewe iwapo bamba lilizibwa hewa." Akainua kichwa. "Lakini ni nini kilichoiziba? Hilo siwezi kulibuni. Mwendesha mashtaka ataniuliza."

"Hilo ni langu," Selpher alisema. "Chukua lenzi yako twende."

Walivuka feri kwenda Likoni. Kituoni, Sajini Nguma aliwatolea mabaki ya amplifaya kutoka chumba cha vielelezo, akayaweka juu ya gazeti. Bamba lilikuwa limepinda na kusawijika. Katikati ya mapezi yake mlikuwa na masizi yaliyogandamana, na ndani ya masizi nyuzi nyembamba za chuma, zimejikunjakunja.

"Waya za ndani hizo," alisema Nguma. "Ziliruka."

Thoya alizigusa kwa ncha ya kalamu, akatazama kwa lenzi. "Hapana. Waya nyembamba hivi haimo katika amplifaya yoyote. Wala hazikuungwa mahali."

Selpher akaiomba lenzi. Alikuwa amekulia Ziwa la Ng'ombe, ukuta kwa ukuta na akina mama waliokuwa wakitarizi majoho ya maharusi, na utotoni alilipwa peremende kuwaokotea mabaki ya uzi sakafuni. Aliikuna mojawapo kwa ukucha. Chini ya weusi pakang'aa rangi ya dhahabu.

"Ni zari," alisema. "Huu ni uzi wa kutarizia. Sajini, uliandika taarifa za akina nani siku ile?"

"Za wote waliokuwepo, afande. Kamati, walimu, wageni."

"Wanawake?"

"Wanawake walikuwa jikoni."

"Na kitambaa cha zari kilipandishwa juu ya amplifaya na nani, na kamati?"

"Mambo ya wanawake yalikuwa mikononi mwa dada yake Maalim," alisema Nguma, akilitazama gazeti. Selpher akamrudishia Thoya lenzi. Alikuwa na hasira, lakini alikuwa na haraka zaidi.

Nyumba ya Maalim Sheikhan ilipakana na madrasa. Maalim mwenyewe aliwapokea barazani, mzee mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Aliposikia kwamba Inspekta anataka kuzungumza na dada yake, Bi Mwanaima, alishangaa, lakini aliita. Mama mmoja aliyeanza kuzeeka alitoka, amejitanda leso, mikono ina harufu ya iliki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hukunywa hata maji?"

"Nitakunywa, Bibi. Nataka kukuuliza kwanza. Siku ya Maulidi, ile amplifaya ilifunikwa?"

"Ilifunikwa, ndiyo." Alijibu bila kusita, kama mtu aliyeulizwa kama pilau ilitiwa chumvi. "Naliifunika mimi, kwa kile kitambaa changu cha mahameli. Wageni waja kutoka Kisauni, wengine Lamu, na lile dude liko tupu, mlango wazi, mbele ya watu! Kwetu chombo cha heshima hakikai uchi. Redio naifunika, saa naifunika, hata cherehani yangu naifunika. Nalikikunja mara mbili, ile zari ikae juu ionekane."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Stambuli alipotoka. Yeye alikuja kukaza waya yake, akaenda zake. Nami nikaingia."

"Stambuli hakukataza kitu kuwekwa juu?"

"Ah, hukataza! Kila siku hutukemea, msiweke kitu juu ya amplifaya, msiweke birika, msiweke vitabu. Nami sikuweka kitu, mwanangu. Nalitia kitambaa tu."

Thoya alitazama viatu vyake. Bi Mwanaima aliwatazama mmoja mmoja, na Selpher akaona jambo lenyewe likimfikia, polepole, kutoka kwa nyuso zao.

"Ni mimi?" alisema. "Ni mimi niliyemchoma Babu mikono?"

"Bibi, keti." Selpher alimshika bega akamkalisha. "Hukuchoma mtu. Chombo kilipata joto, kikakosa pa kupumulia. Injinia huyu amesoma miaka na miaka, na mpaka leo asubuhi hakujua kwamba kingeweza kuwaka. Ungejuaje wewe? Kufunika chombo si kosa katika sheria yoyote ninayoijua."

"Ni kweli, mama," alisema Thoya. "Mimi nilikosea kuliko wewe. Wewe ulikosa ukipamba, mimi nilikosa nikitoa ushahidi."

"Mbona hukusema, Mwanaima?" Maalim aliuliza.

"Aliniuliza nani? Askari walikuja wakakaa nanyi. Kisha wewe ukaingia ukaniambia kompyuta imesema ni Stambuli. Mimi ni nani nibishane na kompyuta?" Akaanza kulia. "Na mkewe, Salme, nilimpita njiani jana nisimsalimu. Yaa Rabbi, nilimpita!"

Maalim Sheikhan alishika nguzo ya baraza. Ijumaa iliyopita alikuwa amemwita Stambuli mtu wa kiburi. Jumapili, baada ya moto, alisimama mbele ya watu akasema aliyechoma nyumba ya Qur'ani anajulikana, na watu wote walijua amemtaja nani. Tangu siku hiyo hakuna aliyepeleka redio kwa Stambuli wala aliyebisha hodi kwa Salme.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Seli. Kesho asubuhi ni korti."

"Atasomewa shitaka?"

"Nikifika na taarifa ya dada yako na ripoti mpya ya Injinia, hatasomewa kitu. Atatoka leo."

Mzee akaingia ndani kutafuta viatu.

Kituoni kazi ilikwenda kwa mwendo ambao Nguma hakuujua kuwa anao. Thoya aliandika ripoti yake kwenye kona ya meza, akaeleza wazi wazi modeli ya kwanza ilitoka wapi na kwa nini haikufaa, akatia sahihi. Bi Mwanaima alitoa taarifa yake akishikwa mkono na Selpher, na alipomaliza alitaka kujua kama sasa atafungwa yeye. Mkuu wa kituo alisoma zote, akauliza swali la fyuzi, akajibiwa. Akapiga simu kwa mwendesha mashtaka. Selpher alisimama dirishani akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, na aliposikia "ndiyo bwana, ajali" alifumba macho. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeweka chini mtungi baada ya mlima.

Stambuli aliletwa, suruali bila mkanda, ndevu zimechipuka. Salme, mkewe, alikuwa keshaitwa, amesimama kando ya kaunta. Alipomwona alimshika mume wake usoni kwa mikono miwili, kama anayehakikisha kwamba kweli ni yeye.

"Mmepata nini?" Stambuli alimwuliza Selpher.

"Kitambaa," Selpher alisema, akamweleza yote.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa kwenye benchi kwa kishindo. "Nilidhani ni mimi," alisema. "Kila siku mle ndani nilikuwa naiunga upya kichwani, waya kwa waya, nikitafuta nilipokosea. Nilidhani Babu ameungua kwa mkono wangu." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Alhamdulillahi. Mama Mwanaima, usilie. Tafadhali usilie, na mimi nalia."

Hapo ndipo Maalim Sheikhan aliposogea mbele. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, hakuna aliyempa kiti wala yeye hakuomba.

"Stambuli. Nimekudhulumu mbele za watu. Kesho Ijumaa nitasimama mbele za watu hao hao niseme."

Stambuli alimtazama. Ulimi wake ulikuwa haujapungua ukali kwa kulala seli. "Kesho, Maalim? Jumapili hukungoja Ijumaa."

Nguma alikohoa. Salme alimbana mumewe mkono. Uso wa Maalim ulibadilika rangi, na Selpher akajua kwamba mzee huyu, tangu awe maalim, hajajibiwa hivyo.

"Kweli," alisema Maalim.

Akageuka akatoka. Nje palikuwa na watu wengi kama ilivyo kila jioni barabarani Likoni, wanaotoka feri na wanaoiwahi, wauza mihogo, akina mama na vikapu vyao. Mzee akasimama kwenye ngazi ya juu ya kituo, kanzu nyeupe, akakusanya pumzi. Selpher alikuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti, na hakuna mtu wa Bofu aliyewahi.

"Enyi watu!" Maalim Sheikhan akapiga kelele. "Sikilizeni! Stambuli fundi hakuchoma madrasa! Mimi nilisema ni yeye, na mimi nilisema uongo!"

Watu wakasimama. Akapiga kelele tena, na mara ya tatu, mpaka sauti ikakwaruza na kilemba kikalegea. Nguma alimtazama Selpher, kwa maana kufanya fujo mbele ya kituo ni kosa.

"Mwache," alisema Selpher. "Hajamaliza."